Bata wa Bwana Likwata

Ukimrudisha bata, usililie mayai.

Hayo ndiyo maneno aliyoyatupa bibi yenu Havijawa mchana huu, mlipokuwa mkimenya vitunguu vya shughuli, na Faraji akawa anawachekesha wenzake kwa kilo ya sukari na kalenda aliyopewa na bosi wake kufunga mwaka. "Kalenda! Kwani mimi sijui leo tarehe ngapi?" Mkacheka mpaka visu vikawatoka mikononi. Bibi akasema lake, akanyanyua ndoo yake akaenda zake, na sasa mmenijia mimi mnataka kujua bata gani na mayai gani. Nitawaambia, ila si hadithi ya kuchekesha. Anayetaka kicheko arudi kwenye vitunguu vyake.

Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu kusini, bara ya Lindi, palikuwa na kiwanda kidogo cha kubangua korosho mahali paitwapo Nambunga. Wanaume walichoma korosho kwenye tanuru, na wanawake waliketi safu safu kwenye mabenchi wakizigonga moja moja kwa kirungu ili kokwa itoke nzima. Kazi hiyo inataka vidole, na inavila vidole. Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi, na hata mtu ajipake majivu na mafuta ya nyonyo namna gani, mkono wa mbanguaji utaujua ukisalimiana naye tu.

Mmoja wa wabanguaji hao alikuwa Bi Somoe. Alikuwa mjane, na binti yake wa pekee alifariki akamwachia mtoto mchanga, Asumini. Baba wa mtoto alikwenda Songea kutafuta maisha, na naona maisha aliyapata, maana hakurudi. Somoe alikuja kuomba kazi msimu ukiwa umekwisha kuanza na mabenchi yamejaa. Meneja, Bwana Likwata, alimtazama yeye, akamtazama mtoto mgongoni, akaagiza litengenezwe benchi lingine. Asumini alijifunza kutembea kati ya magunia ya kiwanda kile.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana ndiyo iliyowaponza. Kila Idd, Meneja aliwachinjia wafanyakazi ng'ombe. Nyama ilipangwa mafungu juu ya majani ya migomba uani, fungu moja kwa kila nyumba. Mafungu hayalingani hata ukate kwa uzi. Hili lina mnofu, lile lina mifupa. Basi ili pasiwe na ugomvi, mtu mmoja aligeuzwa uso ukutani asione kitu. Mwingine alinyoosha fimbo juu ya fungu akauliza, "Fungu hili la nani?" Yule wa ukutani alitaja jina lolote lililomjia, na fungu likawa la mwenye jina. Hakuna kubadilishana wala kunung'unika, hata kama ni kwato tupu. Walikuwa na neno lao: "Fungu likiitwa, limeitwa."

Aliyesimama ukutani miaka yote ile ni Bi Somoe. Walimchagua kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshuku kwamba amechungulia au amekonyezwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake pale Nambunga, na hakuwa na nyingine. Aliipenda kuliko fungu lenyewe.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia mwishoni mwa msimu wa korosho, masika yakikaribia. Asumini alikuwa ametoka kuugua surua. Surua ilipoondoka iliondoka na nyama zake. Mtoto akabaki macho na mbavu, akikaa mlangoni bila hamu ya kucheza. Muuguzi wa zahanati alimwambia Somoe, "Bibi, uji mtupu hautamsimamisha huyu. Mpe yai. Ukilipata, mpe, hata kila siku." Somoe hakuwa na kuku. Akawa anafua nguo za watu ili wampe yai, na mara nyingine walimpa, mara nyingine walimwambia kuku hatagi.

Wakati huohuo habari zilianza kuja kwamba kideri kimeingia vijiji vya jirani. Kuku analala mzima, asubuhi shingo imepinda. Watu wa Nambunga walisema maskini wenzetu, wakaendelea na yao.

Mkesha wa Idd, Bwana Likwata aliwaita wote uani. Walikuja na mabakuli kama ilivyo ada, na watoto wakatangulia kumtafuta ng'ombe wamwone kabla ya kisu. Hawakumwona ng'ombe. Waliona matenga, na ndani ya matenga walikuwamo bata. Walikuwa bata wa mke wa Meneja, Bi Arafa, aliyewafuga nyuma ya nyumba pale maji ya tangi yalipomwagikia. Kila mtu aliwajua.

Bwana Likwata hakuwa msemaji. Aliwasalimu, akawatakia Idd yenye kheri, akasema, "Mwaka huu ng'ombe hakupatikana. Kila nyumba itachukua bata jike mmoja. Nawaomba jambo moja tu: msiwachinje. Wafugeni. Watawafaa." Hakueleza zaidi. Alikuwa na la kueleza, na laiti angelieleza. Lakini kuna watu wanaoona kujieleza ni kujisifu, naye alikuwa mmoja wao.

Watu walipokea, maana aliyekuwa akikabidhi ni yeye mwenyewe kwa mkono wake. Wakatoka langoni kila mmoja na bata kwapani na bakuli tupu mkononi, na kabla hawajafika njia panda, Mnali akaanza.

Mnali alikuwa mkuu wa tanuru, na ndiye aliyeshika fimbo siku za mafungu. Alikuwa mcheshi, na mcheshi akiwa na kinyongo ni mtu wa kuogopwa kuliko mgomvi. Alimtua bata wake chini, akatembea nyuma yake akiyumbisha makalio. "Wapisheni! Ng'ombe wa Bwana Likwata anapita! Mtazameni nundu yake!" Watu wakaangua kicheko. Na wakishacheka pamoja, jamani, huwa wameshakubaliana.

Somoe hakucheka wala hakukasirika. Bata wake alikuwa wa kijivu mwenye shingo nyeupe, na alikuwa na mkoromo, kila akivuta pumzi utadhani mzee mwenye pumu. Alimfunikia tenga jikoni. Asubuhi ya Idd, kabla ya swala, alipofunua tenga alikuta yai. Alikaa chini palepale kwenye majivu akalishika kwa mikono miwili, likiwa bado lina joto, na alilia kidogo, peke yake, kilio cha kushukuru. Akalichemsha. Asumini alikula lote, akalamba kidole, akasema, "Bibi, lingine." Ilikuwa mara ya kwanza tangu surua mtoto yule kuomba chakula.

Lakini nyumba nyingine Idd ilikuwa chungu. Wageni walikuja na kula wali kwa mchicha. Mwenye nyumba akiulizwa ilikuwaje, alionyesha bata, na wageni wakajizuia kucheka, jambo ambalo linauma kuliko kucheka kwenyewe. Kufika alasiri, wanawake walikuwa na wimbo wa bata, na Mnali alikuwa na habari kamili. Ng'ombe aliletwa, alisema. Tajiri wa kiwanda, aliyekaa Dar es Salaam, hajawahi kuwasahau watu wake. Ng'ombe aliletwa gizani, na Likwata kamuuza.

"Umemwona?" mtu mmoja aliuliza.

"Nimesikia mlio wake," Mnali alisema.

Mlio huo ulitosha. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Bwana Likwata mwenyewe, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka pale walipokaa. Ikakatwa shauri kwamba Idd Pili bata wote warudishwe, na warudishwe kwa desturi: wapangwe uani kama mafungu, fimbo inyooshwe, na majina yaitwe. Ila jina lingekuwa moja.

Walimkuta Somoe akimchekechea bata pumba.

"Bi Somoe," Mnali alisema, "kesho twakuhitaji ukutani."

Walipomweleza, alitikisa kichwa. "Mimi mnisamehe, wanangu. Wangu ametaga. Mtoto kala. Nitamrudishaje?"

Mnali alimtazama, halafu akawageukia wenzake taratibu. "Mmesikia? Kanunuliwa kwa yai."

"Sikununuliwa, Mnali! Nimepewa kama mlivyopewa."

"Sisi twarudisha. Atakayebaki na bata wa Likwata ni mtu wa Likwata. Na mtu wa Likwata hasimamii mafungu yetu, mama. Leo yai, kesho nani atajua amekonyezwa na nani?"

Wanawake wa benchi lake walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyemtetea. Mmoja tu, jirani yake, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Shoga, wengi wape." Somoe alimtazama Asumini mlangoni, akawatazama wenzake aliokaa nao benchi moja miaka yote ile. Angeweza kusema hapana. Nawaambia nyinyi kama alivyokuwa akijiambia mwenyewe mpaka alipozeeka: angeweza. Lakini aliona kwamba kesho atakuwa mtu asiyeaminiwa na mtu yeyote, mjane asiye na ndugu, naye akaogopa. Akainama, akamfunga bata miguu.

Idd Pili waliingia uani kwa Meneja wakiimba wimbo wao. Waliwapanga bata juu ya majani ya migomba, miguu imefungwa, wakipiga mabawa kwenye vumbi. Bwana Likwata alitoka kibarazani. Alikuwa amevaa kanzu ya sikukuu. Alisimama tu, mikono nyuma. Somoe alipita mbele yake bila kumsalimu, akaenda akaweka paji la uso ukutani.

Mnali alinyoosha fimbo. "Fungu hili la nani?"

"La Meneja," alisema Somoe.

Watu wakashangilia. Fimbo ikasogea. "Fungu hili la nani?"

"La Meneja."

Ikawa hivyo, bata kwa bata, na kila jina likiitwa kicheko kikizidi. Kisha fimbo ikatua pengine, na Somoe, bila kuona, akasikia mkoromo. Ulikuwa wa bata wake. Kimya kikawa kirefu kuliko desturi, na nyuma yake akasikia mtu anaanza kunong'ona.

"Fungu hili la nani?" Mnali alirudia, kwa sauti ya kumtega.

"La Meneja," alisema Somoe.

Hapo ndipo Bi Arafa alipotoka jikoni na upawa mkononi. Alikuwa mwanamke mpole, asiyependa maneno na wafanyakazi wa mumewe. Aliwatazama bata wake vumbini, akamtazama yule aliyeelekeza uso ukutani. "Bi Somoe," alisema, "hata wewe?"

Somoe hakugeuka. Desturi haikuruhusu, na siku ile aliishukuru desturi.

"Mmemaliza?" aliuliza Bwana Likwata.

"Tumemaliza, Bwana Meneja," alisema Mnali, kifua mbele. Alikuwa anangoja matusi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na majibu yake alikuwa nayo tayari.

"Basi fungu likiitwa, limeitwa," alisema Bwana Likwata. "Nendeni salama." Akaingia ndani, akafunga mlango kwa upole. Watu walijaribu kuurudia wimbo wakitoka, lakini haukukolea.

Haukupita muda, kiwanda kikafungwa. Asubuhi moja walikuta lango lina kufuli na mlinzi mgeni asiyejua jina la mtu. Korosho hazikuuzika huko ziendako, tajiri ameishiwa, hakuna kazi. Masika yakashuka, na masika ni wakati wa njaa hata kwa mwenye shamba, sembuse mtu wa benchi. Kisha kideri kikaingia Nambunga. Kilipita nyumba kwa nyumba. Wakawa wanafukia kuku asubuhi na jioni, mpaka kijiji kikakosa hata jogoo wa kuwaamsha. Ndugu zangu, bata hafi kwa kideri. Mfugaji yeyote angewaambia hivyo.

Asumini alianza kurudi alikotoka. Miguu ikamvimba, nywele zikawa nyekundu. Somoe alizunguka kijiji chote akitafuta yai, na yai halikuwapo kwa kufua nguo wala kwa kuomba. Siku moja, mvua ikinyesha, alijifunika khanga akaenda kwa Bwana Likwata. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi, na alipofika mlangoni yote yakamtoka.

Alikuta wanafunga mizigo. Bwana Likwata alimkaribisha kiti. "Karibu, mama. Mtoto hajambo?"

Somoe alipiga magoti badala ya kukaa. "Hajambo si neno lake, Bwana Meneja. Naomba yai. Najua sistahili. Nipe yai moja la yule bata, nami nitakufulia, nitakulimia, nitafanya lolote."

Bwana Likwata alimwinua. Hapakuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomchoma Somoe. "Ningekupa, mama. Wallahi ningekupa bata mwenyewe. Sinao. Tuliwapa watu wa ng'ambo ya mto palepale sikukuu ilipokwisha."

"Nilikataa kuwatazama," alisema Bi Arafa kutoka kwenye mizigo, bila kuinua kichwa. "Kila nikiwatupia pumba nilisikia sauti yako ukutani. Nilimwambia, wapeleke popote, wasiwe machoni pangu."

Ng'ambo ya mto! Mto wenyewe ulikuwa umefura, unabeba miti mizima. Hata wanaume walikuwa hawaukaribii. Somoe alisimama pale akisikia mvumo wake kwa mbali.

"Ulijua," alisema. "Ulijua kiwanda kitafungwa."

"Nilijua. Tajiri alinikataza kusema, na mwenyewe sikutaka kuwaharibia Idd. Pesa ya ng'ombe alininyima. Nikasema, nyumba yenye bata anayetaga itavuka masika, kideri kije kisije. Basi tukawatoa hao aliowafuga mwenzangu." Alikaza kamba ya mzigo. "Labda ningesema. Nimelala nikiliwaza hilo."

Alimfungia kibaba cha korosho zilizovunjika, ndicho alichokuwa nacho. Somoe alipokea kwa mikono miwili, akashukuru mpaka wakamwomba anyamaze. Kesho yake Bwana Likwata na mkewe waliondoka Nambunga, na hakuna aliyewasindikiza isipokuwa bibi mmoja aliyesimama mvuani mpaka gari lilipopotea.

Korosho zile Somoe alizitwanga akazitia kwenye uji, na zilipokwisha hakuwa na kingine. Asumini hakuvuka masika. Wapo waliosema ni homa, kwamba yai lisingemsaidia, na pengine walisema kweli. Somoe aliwasikiliza wote.

Siku ya matanga kijiji kizima kilikuja. Walikuja wanawake wa benchi na yule shoga aliyesema wengi wape. Alikuja Mnali, amekonda, kifua kimeingia ndani. Nyumbani kwake nako wanawe walikuwa wanalala na njaa. Wanawake walianza kuomboleza, na mmoja akapaza sauti, "Laiti tungekuwa na mayai, mwenzangu! Laiti mtoto angepata hata yai moja!" Wengine wakadakia, laiti mayai, laiti mayai, mpaka ikawa ndiyo kilio chenyewe, na Mnali akajifunika uso kwa kofia yake akalia pamoja nao.

Somoe alikuwa amekaa mkekani, uso ameuelekeza ukutani. Wakati huu aligeuka. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyochomwa na korosho, ile iliyomfunga bata miguu. Hakupaza sauti, na hakuna aliyejua kama anawaambia wao au anajiambia nafsi yake.

"Nyamazeni," alisema. "Ukimrudisha bata, usililie mayai."